Maelezo Kuhusu Ndoana Iliyomkamata Hinewai

KITUO CHA POLISI, TWIZEL
Shahidi: Bevan Tipa
Umri: Miaka 53
Kazi: Fundi wa kujenga uzio mashambani
Makazi: Twizel

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema mbele ya Konstebo Faulks, nikiwa na akili timamu na suruali ya kuazima, kwamba mzee Murdo Geddes hakumshambulia mtu. Wale watalii waliopiga simu waliona mzee akimvuta mwanamke kwa ndoana. Waliona kweli. Ila hawakuona mwanzo wake, na mwanzo niliuona mimi.

Mnamo Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa tatu asubuhi, mimi na mpwa wangu Hinewai, binti wa dada yangu, tulitoka Ziwa Tekapo kwa baiskeli, tukafuata barabara ya ule mfereji unaopeleka maji kwenye mitambo ya umeme, kwenda Ziwa Pukaki. Barabara hiyo naijua kuliko mhandisi aliyeichora. Dada yangu aliniambia, "Umrudishe mzima, Bevan." Nikamwambia asinitukane.

Lile wingu la upinde lilikuwa limeshakaa juu ya milima. Kila mtu wa huku analijua: upepo wa kaskazini-magharibi uko njiani. Hinewai akauliza, "Anko, tusirudi?"

Nikamjibu, "Huo hauji kabla ya chakula cha mchana. Mimi na huo upepo tumekua pamoja."

Akacheka. "Kama yule samaki wako? Alishaliwa zamani, na bado kila mwaka anaongezeka uzito!"

Hapo naomba iandikwe kwamba samaki huyo nilimvua kweli, mfereji huo huo, kilo kumi na tisa.

Kama saa tano hivi tulimwona mzee Geddes mbele yetu anavua, kabla ya vile vizimba vya kufugia samaki vinavyoelea mferejini. Akatupigia kelele: "Bevan! Shukeni mkokote baiskeli! Huoni milima?"

Nikamwambia, "Kokota wewe, babu, mwenye magoti ya kutu!"

Upepo ukafika kabla sijamaliza kucheka. Mimi ulinibwaga kwenye changarawe. Hinewai ulimzoa pamoja na baiskeli, ukamtupa kwenye mteremko, akateleza hadi majini. Hakupiga kelele. Hilo nalo liandikwe, afande, kwamba hakupiga kelele.

Mfereji ule ukiutazama unadhani umelala. Haujalala. Maji ni ya theluji iliyoyeyuka, yanakata pumzi, na ukingo ni utelezi mtupu, hakuna pa kushika. Niliona kofia yake nyekundu ya baiskeli ikienda, na mikono ikikwaruza ukingo na kurudi mitupu. Mwisho wa mfereji ni mabomba ya mitambo. Nilivua kiatu kimoja. Cha pili kilinishinda.

Mzee Geddes akafoka: "Ukiingia nitakuwa na wawili na ndoana moja! Baki huko juu!"

Akarusha. Ndoana ikaangukia mbali, upepo uliipeperusha kama unyoya. Akakunja uzi. Hinewai alikuwa anampita. Akarusha tena, ikamnasa bega, ikapenya koti na nyama. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kile kilio.

Nikapiga kelele, "Vuta, mzee! Vuta!"

Akasema, "Nikivuta uzi unakatika. Huyu anatembezwa. Kimbia kwenye vizimba, ulale kifudifudi!"

Basi akatembea naye ukingoni kama tunavyotembea na samaki mkubwa, uzi ukilegea, ukikaza, akimwambia, "Taratibu, binti, usipigane na mimi, njoo pembeni." Gari la watalii lilipita wakati huo. Hawakusimama. Mimi nilikimbia na kiatu kimoja hadi kwenye jukwaa la vizimba, nikalala. Akamleta mpaka mkononi mwangu. Nilishika mkanda wa kofia, halafu kola, halafu sikuachia tena. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Alisema, "Anko, upepo umewahi."

Nikamfunika kwa koti langu.

Sasa yuko hospitali, amelala, na mzee Geddes yuko pale nje kwenye benchi, fimbo yake ya kuvulia mmeichukua. Najua mji mzima unaniita Bevan Kilo kwa sababu ya yule samaki. Lakini hili lote ni kweli, na tundu lililo begani mwa mtoto wetu ndilo lililomrudisha. Nimemaliza. Mwacheni mzee aende akabadilishe soksi.

Sahihi: B. Tipa

Maandishi ya afisa: Shahidi alisomewa maelezo haya akayakubali. Nilimuuliza kama kuna la kuongeza au kupunguza. Alitazama benchi la nje, kisha akaomba samaki apunguzwe kutoka kilo kumi na tisa hadi kilo saba, na mengine yote yaachwe kama yalivyo. Fimbo imerudishwa kwa mwenyewe. — Konst. J. Faulks