Kifurushi cha Onni

Mstari wa mbele, kando ya mto,
Februari 1942

Kwako Mama Onni,

Pokea salamu zangu mimi Taavetti, nikitumaini zitakukuta mzima, wewe na Bwana Mkuu wa chuo, walimu, na wale wasichana wa darasa la kufuma. Mimi ni mzima kabisa. Baridi ya huku inapasua magogo lakini mimi hainiwezi. Vijana wanakohoa kama kondoo wagonjwa, na mimi niliyezaliwa kabla baba zao hawajaota ndevu sijapiga hata chafya. Vilppu, farasi wangu, naye ni mzima. Unakumbuka jeshi lilipokuja kumchukua nikawaambia huyu hatoki zizini bila mimi, wakacheka, wakasema vita si kazi ya babu. Wakamvuta, akawakanyaga. Basi tuko huku wote wawili, na katika kikosi hiki hakuna mwendesha sleji, hili gari lisilo na magurudumu la kukokotwa juu ya theluji, anayetufikia, muulize yeyote.

Mwandiko univumilie. Chuoni nilikaa msimu mmoja tu wa baridi, nikiwa na miaka arobaini, nimebanwa kwenye dawati katikati ya watoto, nawe jikoni ukinijazia uji mara ya pili kwa kuwa ulisema mwanafunzi mkubwa ana tumbo kubwa. Kalamu bado ni nzito kwangu kuliko shoka. Lakini barua hii nimekataa kuandikiwa na mtu.

Vifurushi vya chuo vimefika, changu na cha Onni, vimefungwa kwa kamba ya aina moja. Ndani ya changu nimekuta kikaratasi chako. Umeniuliza mbona Onni hajakuandikia tangu Krismasi, ni uvivu au anaumwa, na kama ni uvivu nimzabe kibao kwa niaba yako. Nimekisoma mara nyingi. Nitakujibu, Mama Onni. Niache kwanza nishukuru, maana mtu aliyepewa asiposhukuru ni mnyama.

Waambie wasichana kwamba glavu zile zenye kidole cha kufyatulia risasi zimenikaa kama ngozi yangu. Nimemwonyesha kila mtu, hata kapteni. Nilimwambia, hiki ndicho chuo changu, kinanikumbuka, je, chako kimekuletea nini? Amesoma chuo kikuu kule Helsinki na hawajamtumia hata kipande cha sabuni. Tumbaku ni kali, inafaa. Siagi ilifika imeganda kama jiwe, nikaikata kwa shoka. Mkate mweusi nimeula mkavu, na meno yangu yote ninayo, hata hayo muulize yeyote.

Na kahawa! Usidhani sikutambua. Nchi nzima inakunywa shayiri iliyoungua, wewe unaficha punje za kahawa ya kweli ndani ya soksi. Sajini Ruuskanen aliponusa aliniuliza, mzee, ni nani huyu anayekupenda hivi? Nikamwambia afunge mdomo, huyo ni mama wa watu. Akasema hata mama wa watu ana moyo, hebu mzee nawa uso ukampose. Hema zima likacheka. Kisha wakatazama mahali alipokuwa akilala Onni, wakaacha kucheka.

Sasa vitu vya kushukuru vimeniishia.

Onni hakuwa mvivu. Mwezi uliopita alitoka na doria kwenda ng'ambo ya kinamasi kilichoganda, na doria iliporudi hakuwamo. Wenzake walisema alipigwa risasi ya kifua akaanguka bila kutoa sauti, na walishindwa kumbeba kwa jinsi walivyokuwa wakishambuliwa. Kapteni akasema nyumbani haandikiwi mtu mpaka apatikane, labda yu hai, labda ametekwa. Nami nikaing'ang'ania hiyo labda.

Vifurushi vilikuja baada ya hapo. Hapa hemani tuna desturi. Kifurushi cha aliyekufa hugawanywa kwa wenzake, na kila anayepewa hutaja jina lake kabla ya kula. Ruuskanen akaniambia, haya mzee, gawa. Nikakataa. Nikasema mwenyewe yuko njiani. Akasema, Taavetti, acha ukaidi, hata farasi wako ana akili kukuzidi, mwenye mkate huu hali tena. Nikamwambia akikigusa namvunja mkono. Nikakifanya mto wangu.

Ndipo Onni akaanza kuja. Unanijua, mimi si mtu wa kuota ota wala sijawahi kuogopa giza. Lakini kila jiko lilipofifia nilimwona mlangoni mwa hema, theluji imejaa mabegani na haiyeyuki, ananitazama mimi tu. Nje Vilppu alikuwa anakoroma na kupiga kwato, kwa hiyo sikuwa peke yangu niliyemwona. Nilimwambia, mwanangu, unataka kifurushi chako? Nikakiinua nimwonyeshe. Hakukitazama. Alisimama vilevile. Hapo nikajua hakufuata mkate. Sisi hatumwachi mtu wetu msituni, huzikwa kwao, kanisani kwao, na yeye tulikuwa tumemwacha.

Nikaenda kwa kapteni. Akasema hapotezi mtu aliye hai kwa ajili ya maiti. Nikamwambia yeye ana vyeo, mimi nina farasi. Asubuhi theluji ilipoanza kuanguka nzito mpaka huoni mbele, nilimfunika Vilppu shuka jeupe, nikamvika magunia kwatoni, nikaenda. Adui hakuniona. Vijana watatu waliwahi kujaribu kinamasi kile wakarudi mbio, mimi nilitembea.

Nilimkuta chini ya msonobari mdogo, amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Ndivyo alivyokuwa akilala kwenye benchi la jikoni kwako alipokuwa mtoto, akikungoja umalize kuosha vyombo. Nilimlaza kwenye sleji, nikamfunika kwa blanketi langu. Njia nzima nilimsimulia habari za chuoni, za nani kaoa na nani kafuga nguruwe wangapi. Kapteni alitutukana mimi na Vilppu, akamaliza, akavua kofia.

Siku hiyo niligawa kifurushi. Kila mmoja alitaja jina, Onni, Onni, likazunguka hema zima. Ruuskanen alipofikiwa hakuweza kulitaja, akageuza uso. Mkate wako uliliwa wote, Mama Onni, na wote wanashukuru. Soksi zilizokuwamo sikugawa. Nilimvalisha mwenyewe. Akina mama wanaoosha maiti kule stesheni walitaka kunitoa nje, wakasema hii ni kazi ya wanawake. Sikutoka. Nywele nilimchana mimi, upande anaopenda.

Sasa nisikilize. Sanduku litakuja kwa treni, na juu yake wamebandika karatasi kwamba lisifunguliwe. Mchungaji atakuambia vivyo hivyo, atakuambia umkumbuke alivyokuwa. Usimsikilize. Fungua. Uso wake ni mzima, kidonda kiko chini ya shati na ni kidogo. Parafujo sikuzikaza, nilijifanya nazikaza. Mtazame, mguse kichwa, kaa naye mpaka utosheke. Usipomwona kwa macho yako atakuja kusimama mlangoni mwa jiko lako, na wewe huna farasi wa kwenda kumchukua.

Barua nimempa Ruuskanen, anakuja likizo. Nimemwambia awahi kabla mchungaji hajakuletea habari, asikae mpaka umemaliza kusoma, na asiondoke mpaka umemruhusu. Basi huyo hapo amesimama. Mpe kiti, ni mtu mwema pamoja na mdomo wake.

Tangu nimlete Onni, mlangoni hasimami mtu. Nilijua sasa nitalala. Lakini jiko likififia najikuta nimeketi, nimeutazama mlango, na Vilppu huko nje ametulia kimya. Hilo sijamwambia yeyote hapa.

Wasalimie wasichana, na Bwana Mkuu umwambie mwanafunzi wake mzee hajawatia aibu. Nawe jipe nguvu, ule, hata kama ni kidogo.

Ni mimi rafiki yako,
Taavetti Kärnä,
mwendesha sleji