Raba ya Shoki Kichwani kwa Mama

Caren, weka hiyo chapati chini kwanza. Yawa, Calvince, mchumba wa dada yangu Atieno, amejiaibisha leo!

Alikuja kufungua shoki za mbele za baiskeli yake, zile za kupunguza mitikisiko, kwa veranda yetu, eti kwake hakuna nafasi na kesho ana mashindano. Anafuata video kwa simu, mafuta mpaka kwa viwiko. Mama naye akafika kutoka Awasi bila kutuambia.

Unajua vile mtu huogopa mama mkwe, na huyu hata mahari bado. Akasalimia kwa mbali, macho chini. Kuinua macho, ile raba mpya ya mviringo, ya kuzuia mafuta ya shoki yasivuje, haiko kwa gazeti alikokuwa ameiweka.

Iko kwa kichwa ya Mama!

Kwa kichwa, Caren. Aliiokota akafungia nywele.

Sasa atamgusa? Hawezi. Kuomba, mdomo umekataa. Akakohoa, akasema, "Mama, nywele zimependeza." Nywele! Mama akajibu, "Asante, baba," akaendelea na chai. Atieno alicheka mpaka akatoka nje.

Mama akaenda nayo. Calvince akafunga shoki hivyo hivyo bila raba, akaikandamiza mara moja tu, mafuta yakamrukia suruali.

Sasa hivi Mama amepiga simu. Atieno ameweka spika, na Calvince bado yuko hapa anapanguza suruali.

"Atieno, huyo kijana wako, raba yake ninayo. Nilimngojea aseme. Kama ameshindwa kuniomba raba, wewe ataniomba namna gani?"