Siku Ulipomkamata Mama Mtoni Lufira

Kwako Baba Kabwe, mume wangu uliye mbali,

Leo nilikwenda kuuza sombe, majani ya muhogo, sokoni Kikula, nikaona samaki waliokaushwa, wadogo kama kidole cha mtoto. Nilikukumbuka, nikashindwa kununua.

Tulipokuwa tunakaa pamoja chini ya barrage, lile bwawa lililoziba mto, wewe ukiwa mlinzi wa mto, ulinionyesha majani ambamo samaki hutaga. "Hapa ndiyo maternité yao," ulisema, nami nikacheka kusikia samaki wana hospitali ya kuzalia. Halafu mishahara ikakatika, kazi za Likasi zikafungwa, na watu wakateremka mto Lufira na familia zao kuvua. Hukulipwa tena, lakini kila asubuhi ulivaa koti lako la kazi ukaenda.

Ndipo ukamkuta mama yangu kwenye majani yale, anavua kwa chandarua, katika miezi ya kutaga, ambayo kuvua kumekatazwa. Mama mkwe wako, ambaye hata kula mbele yake ulikuwa unaona haya! Ulipiga magoti matopeni.

"Mama, unisamehe. Lakini hii filet ya chandarua niko naikamata. Samaki iko na mayai."

"Na batoto yako, iko na nini mu tumbo?"

Hata hivyo ulimpeleka tribunal. Hakimu akakuuliza, "Weye, nani iko anakulipa?"

"Hakuna muntu, Monsieur le juge."

"Na bale balifunga muto muzima na barrage, utabaleta hapa siku gani?"

Ulifunga kifungo cha koti lako. Hakimu akamwachilia mama na chandarua chake, watu wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama mlangoni, sijui nimfuate nani. Nikamshika mama mkono, nikatoka naye. Nilipofika nyumbani, koti lilikuwa kitandani. Ulikuwa umeshaondoka kwenda Zambia.

Sasa vyandarua vimejaa mto mzima. Mama akishinda majini analeta kiganja kimoja cha samaki, tunamwachia mtoto wetu Kabwe. Nakukasirikia kwa kumwaibisha mama yangu. Namkasirikia mama kwa sababu ulisema kweli juu ya yale mayai. Hasira zote mbili nalala nazo.

Jana mama alisema, "Umuandikie bwana yako arudie. Umuambie miye sitaingia tena mu ile majani."

"Tutakula nini, mama?"

Akakunja chandarua chake, akaingia ndani. Sombe ninayouza haitutoshi, Baba Kabwe. Lakini rudi. Njaa hii ni ya nyumba yako pia.

Mke wako,
Mama Kabwe