Keria Haifiki Mbaga

Lipangalala, Ifakara

Dada yangu Nakiete,

Shikamoo. Ukiitikia, itikia kwa sauti, maana nataka kuanza nikijua kwamba hujanuna. Habari za Mbaga na baridi yake? Tangawizi imekubali mwaka huu? Na shemeji, kile kifua kimemwachia? Mimi huku ni mzima, na nikisema mzima siandiki kwa mazoea. Nina ushahidi, utausoma mbele.

Najua unajiuliza kwa nini nahangaika na karatasi wakati simu ninayo. Naandika kwa sababu simu unaikata. Mara tatu nimekuuliza habari za kile kidonda, na mara zote tatu mtandao ukaharibika upande wako tu. Barua haina kitufe cha kukatia. Tena wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko la Mama, tukachapwa wote wawili. Basi leo mwanafunzi wako anakuandikia.

Ujumbe uliomtuma mwanao Neema nimeupata. La kwanza, umesikia nimeanza kuendesha baiskeli uzeeni nikatumbukia mferejini, na unaniamuru niiuze kabla sijavunjika kiuno. La pili ulilitupia mwishoni, huku ukicheka na kumkataza asinifikishie: kidole gumba cha mguu wako wa kushoto kina kidonda kidogo tangu wakati wa kupalilia, unakipaka majani, kitapona chenyewe. Nitaanza na baiskeli ili upate cha kuchekea. Lakini ujue tangu sasa kwamba nimekaa hapa mezani kwa ajili ya hicho kidole.

Ni kweli nilianguka. Ila hukuambiwa kwa nini nilipanda.

Masika ya mwaka jana nilikwenda kliniki ya sukari kuchukua vidonge kama kawaida. Safari hii nilimkuta mganga mwingine, kijana mpole, naye akanitazama miguu kabla ya kunitazama usoni. Akanivua viatu mwenyewe. Akawa ananigusa vidole kimoja kimoja kwa kijiti, nimefumba macho, akiuliza, "Hapa unasikia, Mama? Na hapa?" Nikamwambia mbona hujaanza. Kumbe alishagusa viwili. Vidole viwili havikusikia kitu, Dada. Nilipofumbua macho sikumwona yule kijana. Nilimwona Mama yetu barazani kwenye kiti chake cha kamba, na kanga imelala bapa pale mguu ulipopaswa kuwa.

Akaniuliza, "Kazini unaendaje?"

"Kwa bajaji."

"Na sokoni?"

"Kwa bajaji."

"Mama, uko Ifakara. Mji huu hata bibi harusi anaweza kufika kanisani kwa baiskeli. Wewe unapanda bajaji kufuata nyanya?"

Nikamwambia mimi ni Mpare wa milimani. Kwetu baiskeli utaisukuma siku nzima kupanda, na kushuka itakusukuma yenyewe hadi kwa marehemu. Akacheka, lakini akaniambia maneno mawili ambayo sikuyacheka: vidonge peke yake havitoshi, na miguu isiyofanya kazi huondoka. Nilitoka pale nimechukia. Nilikasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Basi nikaenda kwa fundi Kaspari, mzee anayetengeneza baiskeli karibu na chuo ninakofundisha ushonaji. Alikuwa na moja kuukuu ya kike, isiyo na bomba la juu, yenye keria pana, kile kiti cha chuma cha nyuma cha kufungia mizigo. Nikamwambia naitaka, na naomba anifundishe, ila alfajiri, kabla watu hawajatoka. Hakunicheka. Alichukua mti mrefu akaufunga kwa mpira wa tyubu juu ya keria, umelala kushoto na kulia, ili nikianguka ule mti utangulie kugusa chini na baiskeli isinilalie. Huku watoto hufundishwa hivyo wakiwa na miaka saba. Mimi nina hamsini na mbili, na kiuno unakifahamu. Kuhusu kujificha, sahau. Watu wa bondeni huamkia shambani, wote walikuwa barabarani. Wanafunzi wakanipa jina la Ndege, kwa sababu ya zile mbawa, na baadhi yao wananiita hivyo hadi leo wakidhani sisikii.

Wiki ya tatu fundi akaufungua ule mti bila kuniambia. Nilikwenda kama hatua sitini nikiimba kwa ndani, nikageuka kumwonyesha, nikaingia kwenye mfereji wa maji ya mpunga. Huo ndio mfereji ambao habari zake zilifika Mbaga. Nilitoka na tope hadi kwenye nyusi, viatu vikabaki humo. Fundi Kaspari alisimama pale juu akasema, "Sasa umejua, Mwalimu. Asiyeoga humo bado hajafundishwa." Nikanawa, nikapanda tena siku ile ile. Wewe ulinifanyia hivyo hivyo uliponifundisha kutembea, usikatae, maana unajisifu nayo kila Krismasi. Unasema nilikuwa nikianguka hunishiki mkono, unasogea nyuma tu na kuniita.

Tangu hapo nikawa natoka kila asubuhi: nyumbani hadi mwisho wa Lipangalala, nazunguka kwenye mashamba, narudi, naoga, naenda kazini. Macho yangu yalikuwa chini wakati wote, kwa kuogopa mawe na mashimo. Na sikubeba kitu. Hapo ndipo nilipokosea.

Dada, huku mtu hapandi baiskeli bila sababu. Keria ina kuni, au mpunga, au ndoo ya samaki, au mtoto, au mke. Mtu mzima anayezunguka na keria tupu, polepole, anatazama chini, kila siku njia ile ile, kwao ana maana moja tu: kapotelewa na mfugo. Mimi sikujua. Nilishangaa watu wananiuliza kwa huruma, "Mwalimu, bado?" Nikifikiri wananiulizia mazoezi, najibu, "Bado, ila Mungu atasaidia." Wananiambia pole. Mama mmoja aliacha kupalilia akaniombea pale pale shambani. Nikasema, kweli watu wa Ifakara wana moyo, yaani wananiombea nipungue!

Jumamosi moja natoka mlangoni namkuta Masanja, Msukuma anayelima kando ya njia yangu, jitu refu la watu, ana mbuzi begani.

"Shikamoo Mwalimu. Tumempata."

"Marahaba. Mmempata nani?"

"Mbuzi wako. Tumemsaka tangu juzi mimi na wenzangu. Alikuwa kwenye matete kule. Ni huyu, ama siyo huyu?"

Nilitaka nicheke, nikamwona alivyochoka, matope hadi magotini, nikashindwa. Nikamweleza yote: sina mbuzi, sijawahi kuwa na mbuzi hapa, nazunguka ili kupunguza sukari mwilini, mganga kasema. Alinisikiliza vizuri sana, mbuzi naye ananisikiliza. Kisha akauliza, "Yaani unakwenda mpaka kule, halafu unarudi, na hukufuata kitu?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akatafakari. "Basi Mwalimu, kama unakwenda bure, si unipelekee kiroba cha mpunga mashineni? Njia ni hiyo hiyo."

Mbuzi tulikuja kujua ni wa katekista, na mwenyewe alikuwa hajagundua kwamba amepotea. Ila mimi tangu siku ile keria yangu haijakaa tupu. Asubuhi nikitoka nakuta viroba viwili vimeegemezwa kwenye ukuta, vina alama ya mwenye mali. Napeleka kwenye mashine ya kukoboa, jioni narudisha mchele. Kupakia nilijifunza upya, maana mzigo ukilala upande unakutupa. Mara ya kwanza miguu ilitetemeka hadi nikashindwa kupanda ngazi ya darasani. Sasa napita pale penye mfereji wangu na kiroba nyuma, napiga kengele, nawapungia mkono wavunaji. Na wale wanaoniita Ndege nawapita.

Ushahidi niliokuahidi ni huu. Mwezi uliopita yule kijana wa kliniki alinipima sukari, akatikisa kipimo, akapima tena: imeshuka. Akanivua viatu. Kidole kimoja kati ya vile viwili sasa kinasikia kijiti. Kingine bado, na ameniambia huenda kisirudi. Vidonge bado nameza, sijapona na sitaki nikudanganye. Lakini miguu ni yangu na nina nia nayo.

Sasa nisikilize, maana la kuchekesha limekwisha.

Mwenye nyumba wangu ni Bibi Sabina, mama wa Kindamba, mtu mzima sana. Magoti yake yamekufa. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari. Shamba lake la mpunga liko mwisho wa njia yangu, na mavuno matatu alikuwa hajalitia machoni. Mwanawe anamletea habari tu. Asubuhi moja ananiona nafunga kiroba cha mtu, akasema, "Mwalimu, na mimi ni mzigo kama huo. Tena mwepesi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Tukamkalisha kwenye keria mimi na mwanawe, kiupande, mto chini yake, nikamfunga kwangu kwa kanga mbili kama mtoto wa mgongoni, na mwanawe akatembea ubavuni ameishika baiskeli nyuma. Nilienda polepole kuliko siku zote. Mikono yake ilikuwa tumboni kwangu, midogo, ina nguvu. Tulipofika hakushuka. Aliomba tu nimsogeze hadi kwenye jaruba la kwanza, akanyoosha mkono akavuta suke, akalisugua kiganjani, akatafuna punje. Kisha akaanza kugomba! Kona ile mmechelewa, ndege wanakula, nani aliacha mfereji ule wazi, mnafikiri nimekufa? Wavunaji wakasimama na miundu mikononi kama wanafunzi. Sijawahi kumwona mtu ana furaha namna ile.

Nililia njia nzima ya kurudi, Dada. Alikuwa nyuma yangu, hakuniona.

Unajua nililia nini. "Nipelekeni nikaone tangawizi yangu." Alituomba Mama, mwaka mzima baada ya kukatwa mguu, na shamba tunaliona kwa macho kutoka barazani, ni kule bondeni tu. Na sisi tukasema kesho, Mama. Hatukuwa wabaya. Njia ile mtu mzima haiwezi na mgonjwa mgongoni, tulijaribu mara moja, tukaishia kwenye mkuyu, tukarudi. Akaacha kuomba. Hilo la kuacha kuomba ndilo linaloniuma mpaka leo. Akazikwa bila kuliona.

Na mguu wake ulianza na kidole gumba. Wa kushoto. Kidonda kidogo cha jembe, akapaka majani, akasema kitapona chenyewe, akacheka.

Huku mtu akiishiwa miguu, kuna njia tambarare na kuna keria. Kwetu hakuna. Baiskeli yangu haipandi Mbaga, na hata ningekuwa na nguvu za ng'ombe siwezi kukubeba mlima ule. Ukipoteza mguu pale utakaa barazani kwenye kile kiti cha Mama, utatazama tangawizi yako kwa mbali, na mimi nitakwambia kesho. Siwezi kulisema neno hilo mara ya pili.

Naogopa, Nakiete. Mimi niliyetoka mferejini nikapanda tena, hiki kidole chako kinaninyima raha.

Kwa hiyo anayekupa barua hii, Mwalimu Elia, mfundishaji mwenzangu, ana kazi nyingine zaidi ya kukuletea mchele. Atalala kwenu, na asubuhi anashuka Same. Nimemwomba asipande gari bila wewe. Kule hospitali wafunue kidonda, wakuone, wakupime na sukari, maana hujapimwa hata siku moja na wewe ni mtoto wa mama yule yule. Usimwambie una wageni. Usimwambie kuna kikao cha kanisa. Nimemwonya kwamba utasema yote mawili. Mimi likizo yangu inaanza wiki mbili baadaye, na wiki mbili kidonda cha sukari hakisubiri. Huu ndio wakati wako wa kuanguka na wangu wa kusogea nyuma na kukuita.

Nisalimie shemeji, mwambie mchele wa kiroba chekundu ni wake. Neema mwambie ahsante kwa kusema ulichomkataza asiseme. Msalimie mama mkwe wako kwa heshima zote, na mchungaji, na yule jirani wa chini ambaye bado ana sufuria yangu kubwa ya makande. Bibi Sabina anakusalimu. Anasema dada wa Mwalimu ni dada yake, na kwamba majani ni ya mbuzi.

Baiskeli siuzi.

Nikishuka kwenye gari pale kanisani, nataka unipokee umesimama. Nitatazama miguu yako kwanza, yote miwili. Halafu ndipo nitakuamkia.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kutembea,
Namkunda