Wamekuja Kuniombea Nipumzike

Sikonge

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na baridi ya Tukuyu? Huku ni vumbi, na nguo zangu zote zinanuka moshi, maana kila mwenye bani la kukaushia tumbaku anataka mchungaji alibariki kabla hajawasha moto. Mwili wangu ni mzima. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako nitaanza kukudanganya.

Nimechoka, mama. Si uchovu wa kulala ukaisha. Juma lililopita nilimzika mtoto wa mwalimu wetu wa kwaya. Maneno yalitoka vizuri, watu wakalia, na mimi pale kaburini nikawa nawaza kama baiskeli nimeifunga. Nilijiogopa.

Nikamweleza Mama Nyamizi, mzee wetu wa kanisa, yote. Nikaomba baraza liniruhusu nije nyumbani mwezi mmoja tu. Alinishika mikono. "Pole, mwanangu. Hiyo ni vita. Hatukuachi peke yako."

Kweli hawakuniacha. Leo asubuhi yeye na wazee wa baraza wamekuja na mikeka na masufuria yao ya uji wa jioni, wafunge na kuniombea hapa kwangu hadi Jumapili. Na maombi hayawezi kukosa mchungaji, kwa hiyo ninayeongoza ni mimi. Mama Nyamizi ameniletea asali. "Kunywa na maji ya moto sauti isikauke. Jioni neno ni lako."

"Na ile likizo, Mama Nyamizi?" nikamwuliza.

"Tuombe kwanza. Utaona kama utaihitaji tena."

Nilimtazama nijue kama ananitania. Hanitanii. Ananipenda, na ndiyo maana nimeinywa ile asali.

Unakumbuka marehemu baba akitoka kuongoza ibada? Aliingia bafuni na ndoo ya maji ya moto, akakaa humo hadi yakapoa. Tukigonga ulitufukuza: "Mwacheni baba yenu, anasali." Niambie kweli, mama. Alikuwa anasali?

Nisalimie mdogo wangu na mumewe, na shangazi wa dukani. Usiwaambie haya.

Samahani kwa mwandiko, naandikia gotini. Niko bafuni. Maji yangu yameshapoa. Sebuleni wimbo umekwisha, wananingoja nifunge kwa sala, na miguu haitaki kuinuka. Mtu ameanza kugonga. Namsikia Mama Nyamizi akimnong'oneza, "Mwache, anasali."

Mwanao,
Atupele