Kwa Baba Yetu Matano Mwidani, Aliyeunda Ndege Uani

Baba,

Ni mwaka mmoja sasa tangu ua wetu wa Shika Adabu unyamaze. Ulituaga mwezi wa Machi mwaka wa 1994, ukiwa kitandani mwako, moyo umechoka, na Mama amekushika mguu. Tunalitaja hili mwanzo kwa sababu hadi leo tunakutana na watu kwenye feri wanaotupa pole kisha wakauliza ile ndege ilianguka wapi. Haikuanguka. Tunawaambia hivyo, wengine wanaamini, wengine wanatuhurumia zaidi.

Ulikuwa mtu wa kuitika. Ukiitwa na mtoto au na mzee, uwe chini ya gari au umo bafuni, ulijibu "labeka" kama kwamba aliyekuita ni kadhi. Mikono uliisugua kwa sabuni ya unga na mchanga kabla ya kila mlo, na bado mahamri yetu yalinuka petroli. Cherehani za mtaa mzima zilipita kwako, na pampu ya msikiti, na redio ya jirani yetu Mwanatabu, ambayo uliirudisha ikiwa inashika stesheni moja tu, naye akasema hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiitaka.

Kule Changamwe, katika karakana ya ndege ndogo ulikofanya kazi, walikuheshimu lakini walikujua kwa ubishi. Ukishikilia neno, limeshikwa. Ulipokosea, wa kwanza kucheka alikuwa wewe.

Injini ile uliileta mwaka wa 1985, juu ya mkokoteni, imefunikwa gunia kama maiti. Ilitoka katika gari dogo la Kijapani lililogongwa likatupwa. Haikuwa na pistoni hata moja. Mama alipokuuliza injini isiyo na pistoni huendaje, ulichukua hamri moja ukaliweka ndani ya bakuli, ukalizungusha kwa kidole ili tuone pembe zake tatu zinavyoambaa ukingoni. Hewa na petroli huingia huku, ukasema, hubanwa hapa, huwaka pale, moshi hutokea kule, na hamri lazunguka tu halipigi kelele. Shangazi Dhahabu, dada yako, akalitoa hamri bakulini akalila. "Injini yako imezimika," akasema.

Na kwa habari ya kelele ulitudanganya, Baba, maana ile injini ilipowashwa mara ya kwanza, imefungwa kwenye gogo nyuma ya choo, kuku wa Mwanatabu hawakutaga wiki nzima.

Mama aliutoa ua wake kwa sharti moja. Alikutaka uape kwamba utaiunda ndege, utaipaka rangi, utaitazama ikipaa, lakini mwenyewe hutapaa nayo. Hakuwa mwanamke wa vitisho. Baba yake alikuwa amezama alipokuwa yeye tumboni, na mamake alimlea kwa kushona kofia. Alisema hataki kujua kushona kofia. Ukaweka mkono kifuani ukasema wallahi, sitapaa nayo. Cheti cha kurusha ndege ndogo ulikuwa nacho tangu zamani, kazini walikufundisha, lakini baada ya siku ile ulikitia sandukuni. Rafiki yako Dishon, rubani aliyekuja kutoka bara na kuzoea pwani hata akakataa uhamisho, alikubali kuwa yeye ndiye atakayeipandisha.

Miaka minne tuliishi na ndege ile. Mabawa yalikuwa ya mbao nyembamba na kitambaa, na Mama, pamoja na hasira zake, ndiye aliyeshona pindo zake zote. Watoto wa mtaa waliiita tiara ya Matano. Kazi kubwa ilikuwa injini. Kwa kuwa ilizunguka mbio kuliko pangaboi linavyoweza kustahimili, uliitengenezea gia ya kuipunguza, ukaivunja, ukaitengeneza nyingine. Tena ilikuwa na moto. Maji yake yalichemka kama ya ugali. Mkaguzi wa ndege alipokuja kuitazama alikuambia rejeta inayopoza maji ni ndogo. Dishon pia alikuambia. Ukawaambia wote wawili kwamba huko juu kuna baridi na upepo, itapoa.

Mwaka wa 1989 ruhusa ya kuijaribu ikatoka. Tuliivusha kwa feri, mabawa yamelazwa kando juu ya lori, watu wakiuliza ni nini, naye Shangazi Dhahabu akiwajibu ni kitanda cha bi harusi. Sisi watoto tuliishia ng'ambo, yenyewe ikapelekwa Mwakirunge, kwenye kiwanja cha ndege cha udongo wa murramu kilichotengenezwa na mwenye machimbo ya mawe. Mama hakuja. Alisimama mlangoni, akaiona ikitoka uani mwake, akasema kwa sauti tuliyoisikia wote kwamba wallahi mguu wake hautakanyaga huko.

Yaliyotokea Mwakirunge ulitusimulia mwenyewe baadaye. Dishon aliikimbiza chini, akarudi, akaikimbiza tena, mara ya tatu akaiachia ikanyanyuka kimo cha nyumba kisha akaiweka. Mruko mmoja tu. Shangazi alisema kuku wake huruka kupita hapo. Dishon alishuka jasho linamtiririka, akacheka, akakuambia injini inavuta vizuri ila joto linapanda. Kesho, akasema, ataizungusha juu kabisa. Kisha akakuomba kitu. "Fundi, Jerioth akikuuliza, mwambie nilikuwa nimesimama nawe pembeni."

Jerioth ni mkewe. Alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza.

Ulirudi nyumbani ukaketi ngazini, chakula hukukigusa. Mama alidhani ndege imeharibika, na moyoni mwake, alituambia, alishukuru. Hakujua kwamba ulikuwa ukiwaza jambo ambalo miaka minne halikukupitia kichwani: kwamba kitu ulichoapa kutokipanda, ulikuwa unampandisha mwenzako. Kiapo kilikuwa kimemlinda Mama asishone kofia. Jerioth hakuna aliyemuapia.

Asubuhi ulikwenda kwa maalim. Uliporudi uliingia stoo kimya, ukachukua kibaba na gunia la mchele, ukaingia karakana yako ya uani ukarudishia mlango.

Mama alikuja kukuita chai. Alipofungua mlango alikuta mezani, katikati ya spana na misumari, vifuko vya mchele vimepangwa. Hakuhitaji kuelezwa. Aliyekulia pwani akiona mchele unapimwa kibaba kibaba mara kumi, anajua ni kafara ya kuvunja kiapo, ya kulisha maskini kumi, na viapo vya nyumba ile alivijua vyote.

Hakupandisha sauti.

"Kafara ni ya aliyevunja, Baba Waridi. Wewe hujavunja."

Ukamwambia maalim amesema kulisha kwaweza kutangulia.

"Kwa hiyo wanilipia kabla hujanikosea."

"Dishon hajamwambia mkewe," ukasema. "Mwanarusi, siwezi. Ikiwa si salama kwangu, kwake ni salama kwa nini? Na ikiwa ni salama, mimi nafanya nini chini?"

Mama anasema wakati ule alikuwa na neno mdomoni. Angelisema neno lile, usingekwenda. Ungebaki, na ungemzuia Dishon, na tiara ingerudi uani kuliwa na mchwa, nawe ungeitazama kila siku ukinywa chai. Alikujua. Usingemlaumu hata kidogo, na hilo ndilo aliloliogopa.

Akakunyang'anya kibaba. Ulidhani ataumwaga mchele. Alivuta gunia, akapiga magoti, akaanza kupima. Ukamtazama mpaka alipomaliza, ukauliza vile kumi vingine ni vya nini.

"Vyangu," akasema. "Mimi pia niliapa. Mguu wangu hautakanyaga Mwakirunge. Sasa twende, chai inapoa."

Shangazi Dhahabu ndiye aliyepewa kazi ya kugawa. Watu kumi walistahili kweli, akawapa kila mmoja vifuko viwili, na mmoja wao, Bi Kache, akauliza kwani nyumba hiyo kumeapwa nini. "Hao wameapiana," Shangazi akamjibu, "sasa wanafunguana."

Dishon alipoambiwa kwamba utairusha wewe alikataa kwa heshima, kisha akakubali upesi sana. Alikufunga mikanda kwa mikono yake mwenyewe. Mama alisimama pembeni ya kiwanja, mtandio umefunga uso hadi machoni kwa vumbi la machimbo, nasi tulikuwa nyuma yake tumeshika buibui lake kama vitoto, ingawa Waridi alikuwa kidato cha tatu. Uliwasha. Ulimtazama Mama, ukainua mkono. Hakuinua wake. Alikuwa ameishika mikono yote miwili.

Ndege ilikimbia ikatuacha, ikainuka, na mara hii haikurudi chini. Ilipita juu ya mashimo ya mawe, ikapinda, ikaturudia ikiwa ndogo, ikapita juu yetu. Wachimbaji walikuwa wamesimama na nyundo zao. Ulizunguka mara moja. Ulipoanza kuzunguka mara ya pili tuliona moshi mweupe ukitoka ubavuni, na Dishon akasema polepole, "Maji yamechemka." Kisha injini ikanyamaza.

Mngurumo ule Mama aliuchukia miaka minne. Uliamsha watoto, ulitisha kuku, ulitugombanisha na mtaa. Anasema wakati ule alikuwa tayari kuusikia maisha yake yote usiku na mchana. Injini uliizima mwenyewe isiungue, lakini sisi tulio chini hatukujua. Tulichosikia ni upepo tu. Dishon alikuwa akisema kwa sauti ndogo, kama anayemsomea mgonjwa: pua chini, fundi, pua chini, usiivute. Nawe, ambaye hukuwahi kumsikiliza mtu, uliishusha pua kana kwamba umemsikia. Ndege ilikuja bila sauti, ikakigusa kiwanja, ikaruka kidogo, ikagusa tena, gurudumu la mbele likapinda, ikasimama imeinama.

Mama alifika wa kwanza. Hatujui mwanamke wa buibui hukimbia vipi namna ile. Ulikuwa bado umekaa, uso umelowa jasho kwa joto, maji yakichuruzika chini ya ndege.

"Rejeta ni ndogo," ukamwambia.

"Uliambiwa," Mama akasema. "Shuka ule."

Ukashuka ukala viazi karai umeketi chini ya bawa, na Dishon akala nawe, na jioni ile Dishon alikwenda kwake akamweleza Jerioth mambo yote, mpaka mruko wa jana yake. Tunasikia alinuniwa wiki mbili. Mtoto alipozaliwa alikuwa wa kiume, na jina lake la pili ni Matano.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Ulitia rejeta kubwa, ukaongeza kiti cha pili nyuma ya chako, na mkaguzi alipoiridhia ulianza kubeba watu mmoja mmoja. Ulimbeba maalim. Ulimbeba Mwanatabu, aliyepiga shahada kuanzia kupaa hadi kushuka. Hukumtaka mtu shukrani, ulipenda tu kuwasikia wakisimulia. Mwaka wa 1991, bila ya kuulizwa, Mama alisema naye atapanda.

Mlipita juu ya Likoni. Aliposhuka watu walimzunguka kutaka kujua ameona nini, naye akawaambia ameona feri kama kisanduku cha kibiriti, na meli bandarini zimelala kama samaki, na paa la nyumba yetu na kamba ya nguo uani. Miaka yote alisimulia hivyo, kwenye arusi na kwenye matanga, nawe ukikaa kando unatabasamu kwa fahari.

Baba, kuna jambo hukulijua, na Mama ameturuhusu tukuambie hapa. Siku alipotoka edani tuliketi naye tukaleta tena habari za siku ile, ili tumchangamshe. Akasema kwamba hakuona chochote. Hakutazama chini hata mara moja. Feri aliisikia kwa Mwanatabu, na meli kwa maalim. Tangu mlipoacha ardhi mpaka mliporudi, alikuwa akitazama shingo yako. "Ilikuwa mbele yangu tu," akasema. "Nikaona kola imechakaa. Nikasema tukifika nitaigeuza."

Tukamuuliza kama aliogopa.

"Ningeogopaje," akasema, "na nilikuwa namtazama yeye?"

Unakumbukwa na mkeo Mwanarusi. Dada yako Dhahabu. Watoto wako Waridi, Boga na Mwarandu. Wakwe zako na wajukuu. Rafiki yako Dishon, mkewe Jerioth na mwana wao. Wenzako wa karakana ya Changamwe. Na majirani wote wa Shika Adabu. Hitima itasomwa nyumbani Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na kila aliyekujua anakaribishwa.

Mola akulaze pema, Baba. Hakuna siku itakayopita bila ya sisi kukukumbuka.