Mwiko Mkononi

Kangemi, Jumapili, Januari 1977

Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi la barabarani limeingia mpaka ndani ya sufuria. Mama hajalifuta. Tangu jana mchana hajagusa kitu chochote kwa mkono wake wa kulia.

Shajara yangu, nitaandika polepole, maana nikiharakisha nitalia na wino utaharibika.

Jana watu wa Zakaria walikuja kumposa dada yangu Beatrice. Zakaria ni Mtanzania wa Korogwe, karani katika ofisi moja mjini ya jumuiya ya nchi zetu tatu. Jumuiya inavunjika, na yeye na wenzake wameambiwa warudi kwao. Basi lake linaondoka kesho. Wengine wanasema mpaka utafungwa, wengine wanasema huo ni uvumi tu. Ndiyo sababu posa ililetwa mbio hivi. Wazee wangekubali, Beatrice angemfuata akiwa mke wake.

Beatrice ni taipisti. Aliwahi kuniambia kwamba alimpenda Zakaria kwa neno moja: "naomba". Hapa Nairobi mtu akitaka chai husema "lete chai". Zakaria husema naomba chai, naomba nipite, naomba nikusindikize. Baba, ambaye ni mpishi katika nyumba moja kubwa kule Muthangari, alipomsikia mara ya kwanza alicheka. "Huyu kijana ataomba hata hewa," alisema. Lakini alimpenda. Sote tulimpenda.

Zakaria alifuatana na baba yake mdogo, Mzee Mhina, aliyetoka Korogwe kwa ajili ya shughuli hiyo. Upande wetu alikuwepo Baba Mkubwa Erasto, kaka yake Baba, aliyekuja kutoka nyumbani Bunyore. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni nikisonga ugali.

Mama alitoka chumbani awakaribishe kwa mbali, kama ilivyo desturi yetu. Zakaria akasimama. "Shikamoo, mama," akasema, akapiga goti, akaushika mkono wa Mama kwa mikono yake miwili.

Kwao hakuna heshima iliyo kubwa kuliko hiyo. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mwenzake apite.

Mama aliuvuta mkono kama uliounguzwa, akarudi chumbani bila kujibu. Baba akatazama sakafu. Baba Mkubwa akakohoa.

"Sasa kijana, hiyo kitu umefanya ni uchafu," alisema. "Hii nyumba imekuwa chafu. Utaleta kondoo tuisafishe, halafu ndiyo tuongee."

Alisema kwa upole kabisa. Kwetu kondoo akichinjwa, mambo yamekwisha. Tena mtu baki hadaiwi kondoo. Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kumhesabu kuwa mkwe.

Mzee Mhina hakujua hayo. "Naomba nisikie vizuri, mzee mwenzangu. Nani mchafu?"

"Si ati yeye. Ni hiyo kitu amefanya."

"Kijana wangu amewapigia goti, nanyi mnamwita mchafu."

"Mzee, wacha kukasirika. Ni kondoo moja tu. Ama huko kwenu kondoo zote ni za serikali?"

Ulikuwa utani. Baba Mkubwa hutania hivyo hata matangani.

"Wanayosema watu juu yenu Wakenya nilikuwa siyaamini," Mzee Mhina alisema, akachukua kofia yake. Zakaria aliutazama mlango wa chumba cha Mama, kisha akamtazama Beatrice. Kisha akamfuata mzee wake.

Na mimi nililijua neno.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha: jambo lililokatazwa na mila huitwa mwiko. Hakusema uchafu. Hata Korogwe wanalijua neno hilo. Lakini msichana hasemi penye posa ya dada yake, basi nilisimama pale kimya na mwiko wa ugali mkononi, ugali ukidondoka sakafuni.

Leo baada ya kanisa nilimwambia Beatrice habari ya neno hilo, tukapanda basi mpaka mjini, kwenye gesti karibu na River Road alikofikia Mzee Mhina. Zakaria alikuwa akifunga mizigo. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba na kunivutia kiti. Nilimweleza yote, habari ya mwiko na ya kondoo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kumbe ni mwiko," alisema. "Hata sisi tunayo yetu. Ungelisema jana, mwanangu, kondoo ningemnunua mwenyewe. Lakini nimekwisha kupeleka habari nyumbani kwa simu kwamba tumetukanwa. Nikirudi na mke kutoka nyumba hiyo, wataniona sina haya."

Hakuwa na hasira tena. Afadhali angekuwa nayo.

Zakaria alitusindikiza mpaka kituoni. "Naomba unisubiri," alimwambia Beatrice.

Dada yangu, aliyelipenda neno hilo kuliko maneno yote, aliyatazama mabasi. "Usiombe, Zakaria. Leo sema. Sema twende, nitakwenda na hili gauni nililovaa."

Zakaria alifungua kinywa. Tulingoja. Basi letu lilikuja, likajaa, na bado alikuwa hajasema. Mwishowe alinigeukia mimi. "Kwaheri, shemeji," aliniambia, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Sasa Beatrice amelala akiuelekea ukuta, hajavua gauni la kanisani. Mama amekaa kitandani kwake, mkono wa kulia ameufunika kwa leso. Nilimpelekea chai akaipokea kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kila siku hutukataza. Sikutazamia aseme neno.

"Alikuwa anatetemeka, yule mtoto," alisema.

Ni hayo tu. Lakini alisema mtoto.

Nimeuosha mwiko na kuutundika mahali pake. Kesho kuna basi la Tanga, na kuna somo la Kiswahili. Siku nyingine nikiwa na neno ambalo wakubwa wanalikosa, nitalisema hata nikipigwa. Najua kwa Beatrice nimechelewa.